Kisu cha Mfukoni Kilichoingia Kibanjani kwa Ma Paskazia

Wanangu, hasa ninyi mlioajiriwa juzi na bado mnanukia chuo, vuteni viti niwaambie habari ya kisu.

Wiki iliyopita Anitha, bibi shamba mpya wa huko Ijumbi, alikuja kunisalimia hapa nyumbani kwangu Bukoba. Binti mzuri, ana adabu za zamani, anapiga magoti kusalimia hata kama sakafu ina maji. Tulipomaliza chai akatoa kwenye mkoba kisu cha kukunja alichoagiza kwa simu, akakiweka mezani taratibu kama mtu anayelaza mtoto mchanga. Kilikuwa na vipande kumi na vitatu. Nilivihesabu. Kulikuwa na mkasi, msumeno, kifungua chupa, cha kuchokolea meno, na kijichuma kimoja kilichopinda ambacho si yeye wala mimi aliyejua kazi yake.

"Bibi, nimepatia?" akaniuliza.

Nikamjibu, "Umepata duka, mwanangu. Sasa katafute kisu."

Alicheka, lakini niliona kaumia kidogo, na usiku ule nilijilaumu. Mimi mdomo wangu ni mkali, hata mume wangu marehemu alikuwa akisema sihitaji kubeba kisu. Kwa hiyo naandika. Nisije nikafa mkabaki mnasema bibi yule alikuwa anafoka tu bila kueleza.

Nilifanya kazi ya ubibi shamba wilaya ya Muleba mpaka nikastaafu, miaka yote ni migomba na kahawa. Panga nilikuwa nalo, limefungwa kwenye pikipiki. Lakini kitu kilichokuwa nami saa zote, kanisani, sokoni, msibani, ni kisu cha kukunja mfukoni. Nilikitumia kuliko kalamu ya serikali. Nilipasulia buni kumtafuta mdudu ndani. Nilikwangulia gome la mkahawa kuona kama bado kuna ukijani chini yake. Nilikatia kamba, nilifungulia magunia, nilichongea penseli, nilimenyea machungwa, na mara moja, Mungu anisamehe, nilikatia keki ya harusi pale Kamachumu kisu chao kilipopotea.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kamugisha, bwana shamba wa zamani, mfupi, mwenye kofia ambayo sikuwahi kuiona ikivuliwa isipokuwa wakati wa sala. Yule mzee aliamini vitu viwili duniani: Injili na chuma cheusi. Chuma cheusi ni kile cha kawaida, kinachoshika kutu na kugeuka rangi kikiguswa na utomvu wa mgomba. Alisema ndicho kinachonoleka kwenye jiwe lolote la mtoni, na hivyo vinavyong'aa ni vijiko vilivyosahau kazi yao. Kisu changu cha kwanza alinipa yeye, mpini wa mti, chuma cheusi, na nilikipenda jamani.

Kwenda dukani na Mzee Kamugisha ilikuwa aibu tupu. Alikuwa akiingia duka moja pale sokoni Bukoba, anaomba kuonyeshwa visu vyote, halafu anaomba na maji. Anajimwagia mikononi, kisha anajaribu kimoja kimoja kukifungua kwa mikono iliyolowa. Mwenye duka siku moja akamwuliza, "Mzee wangu, unanunua kisu au unatawadha?" Mzee akamjibu bila kuinua macho, "Huko shambani nani atanishikia taulo?"

Na kweli. Kisu usichoweza kukifungua kwa mkono mmoja uliolowa, tena wa kushoto, hicho ni pambo. Mkono mwingine mara nyingi umeshika tawi, au umeshika ngazi, au umeshikwa na mwenye shamba anayekuvuta ukaone maajabu yake. Baada ya hapo alikuwa akikitikisa karibu na sikio. Kikilia kwa ndani, anakirudisha. Anakifungua, anajaribu kukikunja kwa nguvu akisukuma mgongo wa bapa kwenye meza. Kikikubali kukunjika, anakirudisha pia. Urefu wa bapa usizidi upana wa kiganja chako. Kirefu kuliko hapo kinawatisha watu, na mkulima akikuogopa hakuonyeshi ugonjwa alio nao.

Hilo la kukunjika nililijua kwa damu. Kile kisu cha kwanza hakikuwa na loki ya kushikilia bapa. Mzee alinionya kwamba ni cha kukatia tu, nisitobolee kitu. Mimi nani, msichana niliyetoka chuo nikiwa wa tatu darasani! Mkanda wangu ulilegea, nikaamua kuuongezea tundu kwa ncha. Kikanikunjikia kidoleni mpaka mfupani. Mzee Kamugisha akanifunga kwa leso yake, akatazama kovu litakapokaa, akasema, "Hongera. Cheti cha chuo kiko ofisini, cha kazi kiko hapo."

Halafu kuna kile chekundu alichoniletea kaka yangu kutoka Mwanza, ndugu kabisa wa kile cha Anitha. Nilitamba nacho mwezi mzima. Utomvu wa mgomba mnaujua ulivyo, ukikauka ni gundi. Ukaingia kati ya vile vipande, vyote vikashikana. Nikitaka bapa, unatoka mkasi. Nikitaka mkasi, vinatoka vitatu kwa pamoja. Siku ya Jumapili natafuta sadaka mfukoni, kikanichomoka, kikadondoka kwenye saruji katikati ya mahubiri, na kwa mara ya kwanza tangu nilipokipata kikafunguka chenyewe. Mchungaji akatazama chini, akasema, "Naona leo tumeletewa ulinzi." Kanisa zima likaangua kicheko. Nilirudi kwenye kile cha chuma cheusi kama mtu anayerudi kwa mama yake.

Hayo ni ya kucheka. Sasa nisikilizeni vizuri, maana linalokuja sijawahi kuliandika.

Kulikuwa na mjane Ijumbi, Ma Paskazia. Nilimzoea kuliko mkulima mwingine yeyote. Yeye Mkatoliki, mimi Mlutheri, na alikuwa akinichokoza, "Ninyi msio na rozari, mkiogopa mnashika nini?" Namwonyesha kisu, anacheka mpaka anashika mbavu. Mume wake alifariki watoto wakiwa wadogo, akazikwa kibanjani, kwenye shamba la migomba nyuma ya nyumba, kama ilivyo desturi yetu. Shemeji yake, Ta Deo, yaani Bwana Deo, alikitaka kile kibanja tangu siku ya matanga. Ukoo ukakaa, ukaamua hivi: mama abaki, alee watoto, maadamu anakitunza kibanja. Siku kikimshinda, kitarudi kwa ndugu wa mume.

Najua mtasema sheria inamlinda mjane. Inamlinda, ndiyo. Lakini sheria ilikuwa Muleba mjini, na ukoo ulikuwa uani kwake. Ma Paskazia hakwenda kubishana na mtu. Alishika jembe. Alitandaza nyasi, akabeba samadi kichwani, akapunguza machipukizi kwa wakati, mpaka ukiingia mle unaona aibu kukanyaga. Migomba yake ya nshakala, ile ndizi yetu ya kupika, ilibeba mikungu ambayo watu wa mbali walikuja kuitazama. Ta Deo naye alipita mara kwa mara, anatazama, hapati kasoro, anaondoka.

Ndipo mnyauko ukaingia kwetu, huu ambao wengine wanauita unyanjano. Siku hizi mnausoma chuoni. Sisi ulitukuta tumelala. Jani linageuka njano na kulegea, mkungu unaiva kabla ya wakati, ukikata ndizi ndani ni kahawia, na shina likikatwa linatoa usaha wa manjano. Ofisini tukapewa waraka: mapanga na majembe yaliyogusa mgomba mgonjwa yapitishwe kwenye moto au yaoshwe kwa maji yenye jiki. Nikaukariri.

Siku moja nikaitwa kwenye kibanja cha bondeni, si mbali na kwa Ma Paskazia. Watu wakakusanyika. Nikatoa kisu changu cha mfukoni, nikapasua ndizi moja, nikawaonyesha kahawia. Nikachanja shina, nikawaonyesha usaha. Nikafuta kisu kwenye kitenge, nikakikunja, nikakirudisha mfukoni. Kisha nikachukua panga, tukaangusha lile shina. Mwisho nikawasha moto, nikapitisha panga langu mbele ya wote, huku nikihutubia kwa sauti. "Chombo kichafu ndicho kinachotembeza ugonjwa huu!" Nilihutubia vizuri sana siku ile. Walinipigia makofi.

Mnaona tayari nilipokosea. Mimi sikuona. Waraka ulisema panga na jembe. Kisu cha mfukoni kwetu hakihesabiwi kuwa zana, kinahesabiwa pamoja na leso na kitana. Hata leo nendeni mkamwulize mkulima ana zana gani, atawatajia zote, na kisu kiko mfukoni mwake hakutaja.

Kutoka pale nikapita kwa Ma Paskazia kunywa maji. Tukazunguka kibanjani tukipiga soga, kama kawaida yetu. Na mimi mkono wangu hautulii. Huku nikiongea nikatoa kisu, nikakata ua la mkungu, lile jekundu linaloning'inia, mkungu upate kunenepa. Nikakata machipukizi manne yaliyosongamana njiani. Nikakata jani bichi akafunikie chungu chake. Nikimsaidia, mnaelewa? Kwa mapenzi. Tukafika mpaka kaburini kwa marehemu, nikakata chipukizi jingine lililokuwa linaegemea msalaba. Akaniambia, "Asante mwanangu, hilo lilikuwa linanikera."

Mwezi haukuisha akanipigia simu. "Bibi Shamba, njoo. Migomba yangu ina njano."

Nilipofika niliyaona majani yamegeuka njano na kulegea. Ulikuwa mnyauko, hakuna cha kubishana. Akaniuliza umetoka wapi, naye hajaleta mche kutoka nje, hajaazima panga la mtu. Nikamwambia labda nyuki na wadudu wanaotembelea maua. Nilisema hivyo nikiamini. Lakini Ta Deo hakuhitaji maelezo ya wadudu. Alizunguka kijiji kizima akisema mama yule kaleta machipukizi ya wizi, kibanja kimemshinda, na ukoo ukae Jumamosi uamue.

Ma Paskazia hakulia. Alinishika mkono akasema, "Nikitolewa hapa naenda wapi? Kaburi lenyewe ninalotaka ni lile pale pembeni yake."

Siku mbili kabla ya kikao nilikwenda Bukoba kwa Mzee Kamugisha, wakati huo kashastaafu, nimwulize kama kuna dawa yoyote. Alikuwa na nanasi. Akasema nipe kisu chako nimenye. Akakifungua, akakinusa, nanasi akaliweka chini. Akachuma mwiba kwenye mchungwa wake, akaanza kuchokoa pale kwenye bawaba, pale bapa linapokutana na mpini. Akatoa kitu cheusi, kikavu, akakisaga kwa kucha. Utomvu. Ule mpini wa mti nao ulikuwa umeunywa, una madoa mpaka ndani.

"Bapa unalifuta," akasema. "Humu ndani unafuta na nini?"

Nikaanza kukumbuka. Ua karibu na jiko. Chipukizi njiani. Jani la chungu. Nilikumbuka shina kwa shina, na kila nililolikumbuka ndilo nililoliona lina njano. Ugonjwa ulishapita siku ile ile, wala hakuhitajika mtu wa kuniambia. Ile gundi nyeusi ilikuwa shahidi tu. Nikaanza kulia pale barazani kwa mzee wa watu.

Mzee Kamugisha alivua kofia. Nawaambia alivua kofia, na hatukuwa tunasali. Akasema, "Nilikufundisha ukali wa kisu miaka yote. Usafi wa bawaba sikukufundisha hata siku moja. Kosa hili tugawane."

"Nifanye nini, mzee?"

"Kisu ukakioshe. Hilo lingine unalijua mwenyewe."

Nililijua, na sikulitaka. Mwenzangu mmoja kazini nilipomdokeza alinikodolea macho: "Una wazimu? Nyamaza! Nani atajua? Ukisema, nani atakukaribisha tena kibanjani kwake?" Na mimi nilikuwa na watoto shule, na jina langu ndilo lililokuwa kazi yangu. Bibi shamba akishaitwa mleta ugonjwa, bora aende akauze maandazi. Siwadanganyi, nilikaribia kunyamaza. Ijumaa yote niliipanga safari ya kwenda mahali pengine Jumamosi.

Jumamosi nikaenda Ijumbi.

Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa uani, kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kinazunguka. Ma Paskazia alikuwa mkekani, macho chini. Ta Deo alikuwa anasema, na alisema vizuri, siwezi kumnyima. "Mimi simchukii mke wa ndugu yangu. Lakini tuliagana. Kibanja kina njano mpaka kwenye kaburi. Ndugu yangu amelala kwenye uchafu!"

Nikasimama. Mimi si wa ukoo ule, nikaomba, "Waitu, ndugu zangu, naombeni neno." Mkuu wa ukoo akaitikia kwa kichwa. Nikatoa kisu, nikakiweka mkekani.

"Mnyauko wa hapa haukuletwa na mama huyu. Nimeuleta mimi, kwa hiki. Nilikata mgomba mgonjwa kule bondeni, nikaja kukata hapa siku hiyo hiyo bila kukiosha. Twendeni niwaonyeshe."

Wakainuka. Nikawapitisha. Hapa nilikata ua, tazameni jani. Hapa chipukizi. Hapa jani la chungu. Mashina saba niliyoyagusa, yote saba yana njano, kutoka jikoni mpaka kaburini, njia ile ile tuliyopita tukipiga soga. Mashina mengine yote yalikuwa mabichi, yamenawiri. Hata mtu asiyejua kusoma aliweza kuisoma njia ile.

Ta Deo akasema, "Kwa hiyo serikali ndiyo imeua kibanja cha ndugu yangu?"

"Si serikali, Ta Deo. Ni mimi."

Tuliporudi uani, mkuu wa ukoo akatema kahawa aliyokuwa akitafuna. Kisha akasema, "Mama hana kosa. Kibanja hakijamshinda. Tuliagana habari ya utunzaji, na utunzaji tumeuona." Kikao kikaisha hivyo. Wazee wakaanza kutafuta fimbo zao.

Nikamgeukia Ma Paskazia. Hakunitazama. Aliinuka, akakung'uta mkeka, akaingia ndani, akafunga mlango. Wanangu, karipio la ofisi lilikuja baadaye, barua ikawekwa kwenye jalada langu, na sikuumia hata nusu ya nilivyoumizwa na mlango ule.

Jumatatu asubuhi nilirudi na jembe begani. Nilimkuta uani anachambua maharage. Akaniuliza, "Nani kakuita?"

"Hakuna, mama."

Akachambua maharage kwanza. Halafu akaonyesha kwa kidevu. "Chukua jembe lile pale. Lako halijaoshwa."

Tuling'oa mashina saba pamoja, tukayazika. Ugonjwa haukuishia hapo, ulichukua mengine zaidi kabla haujachoka. Kila Jumamosi nilikuwa pale. Ma Paskazia akaweka kwenye njia ya kuingilia ndoo ya maji yenye jiki na jiko la mkaa pembeni, na yeyote aliyefika, awe padri, awe mwenyekiti, awe mimi hasa, aliambiwa, "Lete kisu." Alikifungua, alikinusa, alikichungulia bawabani akikielekeza kwenye jua. Majirani walimcheka. Baadaye mmoja akaweka ndoo yake, na mwingine, na vibanja vya upande ule vikapona mapema kuliko vya upande wa pili.

Ndipo nikaanza kununua kisu upya, kama mtu asiyewahi kununua. Sikilizeni sasa, hapa ndipo penye faida yenu.

Kichungulieni mgongoni kabla ya kuangalia makali. Kisu cha kazi yetu kiwe wazi mgongoni, ukikikunja uone mwanga unapita, maji yaingie huku yatokee kule. Mpini usiwe wa mti wala pembe, vinakunywa utomvu. Mpini wa plastiki nyepesi nao hapana, moto wa kwanza tu unayeyuka. Kiwe na skrubu unazoweza kufungua kwa bisibisi ndogo, ukitenganishe vipande, ukioshe kama sufuria. Na chuma, hapa Mzee Kamugisha atanisamehe huko aliko, kiwe kile kisichoshika kutu. Chuma cheusi ni kikali zaidi, sibishi, lakini jiki inakila wiki moja tu. Kinachong'aa ni kivivu kidogo kwenye jiwe, kinoe mara nyingi zaidi, yaishe. Ukishakiosha kwa jiki kisuuze kwa maji safi, kikaushe, tone la mafuta ya kupikia kwenye bawaba. Motoni kipitishe tu mpaka usiweze kukigusa, usikiache kiwe chekundu, kitalegea kisinoleke tena. Kifungeni na uzi wa rangi kali, mwekundu au wa rangi ya chungwa, maana kisu kikidondoka kwenye matandazo mtakitafuta mpaka mstaafu.

Muwe na viwili. Kimoja cha machungwa na kucha zenu, kingine cha mimea, na visijuane. Mtu akikuomba kisu, kioshe kabla hujampa na ukioshe akikirudisha, hata kama ni askofu. Na lile ua la mgomba, kwa Mungu mmoja, msilikate kwa kisu hata kiwe kizuri vipi. Tafuteni kijiti chenye panda, livunjeni kwa kuzungusha, kijiti mkitupe. Nilichukua miaka mingi kujifunza kwamba kuna kazi ambayo kisu bora ni kijiti.

Mzee Kamugisha nilimpelekea hicho kipya akione. Akakitikisa sikioni, akakifungua kwa mkono uliolowa, akachungulia mgongoni. Akaguna. "Kijiko," akasema. Halafu akaongeza, "Lakini kinaosheka." Yeye cha kwake hakukiacha mpaka alipofariki, ila mke wake alinieleza kwamba tangu siku ya lile nanasi alikuwa akikichemsha kila Jumapili kwenye sufuria yake, na yeye mama akawa anamfokea.

Na Ma Paskazia? Kile kibanja kilirudia hali yake. Tulipumzisha pale palipong'olewa, tukapanda maharage na mihogo kwanza, halafu miche safi. Mtoto wake wa mwisho alipooa, sherehe ilifanywa palepale uani, na ndizi zote zilizopikwa zilitoka mle mle. Nilialikwa. Nilikwenda na kitenge changu kipya, nikataka kukaa nyuma na majirani, lakini nikavutwa mpaka kwenye viti vya familia, na viti vilikuwa havitoshi, nikabaki nimesimama kama mlinzi.

Upande wa bibi harusi kulikuwa na shangazi mmoja mwenye kupenda kujua mambo. Akauliza kwa sauti, "Na huyu mama ni nani wenu? Mbona hamkumtambulisha?"

Ma Paskazia akafuta mikono kwenye kanga yake, akanishika mkono, akasema kwa sauti ya kufika hadi jikoni, "Huyu ndiye aliyeniletea mnyauko kibanjani."

Shangazi akanigeukia. Mimi nikatafuta pa kujificha nisipaone.

"Akaja akasema mwenyewe, mbele ya ukoo mzima," akaendelea. "Angenyamaza, leo msingekuwa na ua wa kukaa. Mpeni kiti."

Kiti alikileta Ta Deo.